Kitanda Nilichompimia Baba

Tulipomzika baba mwezi uliopita, sikulitengeneza jeneza mimi. Watu waliuliza. Nimekuwa seremala maisha yangu yote, nusu ya milango kati ya Marani na Nyakoe imepita mikononi mwangu, na baba yangu amelala katika sanduku lililopigwa na vijana wa kando ya barabara ambao hata kunoa randa hawajui. Wacha waulize. Nyinyi wa rika langu mnajua haya inayomzuia mtu wa kwetu kupima mwili wa baba yake. Nililipa, tukalipakia kwenye pikapu, nami nikakaa nyuma pamoja nalo. Lilikuwa la saipresi mbichi. Harufu yake ilinikaa puani njia nzima, ile harufu kali inayofanana na ganda la limau lililotupwa motoni, na badala ya kumfikiria marehemu nilifikiria kitanda.

Sikulia. Nalisema mapema ili asiwepo wa kungoja machozi humu. Ninaandika kwa sababu mwanangu amesema niandike, na kwa sababu nina mkono unaoweza kuandika ijapokuwa niliishia darasa la nne.

Tulikuwa watoto tisa na karo ilitosha wawili. Mimi sikuwa kati ya wale wawili. Nilikaa nyumbani nikichunga, kisha nikachoka kuchunga, nikawa mtu wa kushinda sokoni Marani na wenzangu, tukibebea akina mama mikungu ya ndizi ili tupate senti za mandazi. Sabato moja mzee wa kanisa akasimama akasema vijana wanaozurura sokoni watakuwa wezi kabla mahindi hayajakomaa. Akasema kunafunguliwa mahali pa kufundisha useremala na uashi, ili kijana akitoka pale awe mtu wa kuajiriwa. Baba alikuwa amekaa upande wa wanaume. Hakugeuka kunitazama, lakini niliona shingo yake ikikaza. Jumatatu yake nilikuwa pale.

Palikuwa ni banda la mabati nyuma ya soko, halina kuta, lina meza nne za kazi. Sisi tulipaita Ufundi tu. Aliyetufundisha alikuwa Fundi Odero, mtu mrefu wa kutoka upande wa ziwa, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye karakana za Kisumu. Hakujua Kikisii hata neno la kuomba maji, kwa hiyo tulijifunza patasi na Kiswahili kwa wakati mmoja, na Kiswahili changu hadi leo kina maranda ndani yake.

Miezi mitatu ya kwanza hatukugusa mbao. Tulinyoosha misumari. Fundi Odero alikuwa na debe la misumari iliyong'olewa kwenye masanduku ya zamani, yote imepinda, na kila mmoja wetu alipewa nyundo na jiwe bapa.

"Wewe mtoto wa ndizi, huu umenyooka?"

"Umenyooka, Fundi."

Angeuchukua, auviringishe juu ya kipande cha kioo. Msumari ungerukaruka.

"Unacheza dansi. Rudia."

Makori, aliyekuwa jirani yangu mezani, alisema huyu Mjaluo ametuleta tumnyooshee misumari auze. Mimi nilirudia. Vidole vilivimba, kucha mbili zikang'oka, na kufikia mwezi wa tatu msumari wangu uliteleza juu ya kioo kama maji. Fundi Odero hakunisifu. Alinipa randa.

Mwaka wa pili ulipokuwa ukiisha, alitukusanya akatuambia jinsi tutakavyomaliza. Kila mtu aende kwao, aombe mbao, atengeneze kitu ambacho nyumba yao inakihitaji. Siku ya maonyesho mzazi atakuja, atakiangalia, na kama kimempendeza atasema mbele ya watu wote, "Nimepokea." Siku hiyo msimamizi wa ujenzi angekuja kutoka upande wa Nyamira, ambako kiwanda cha majani chai kilikuwa kinajengwa, na angechukua watatu kwenda kazini moja kwa moja. Watatu, na sisi tulikuwa kumi na mmoja.

"Na kama mzazi hajapokea?" Makori akauliza.

"Kazi ambayo kwenu hawaitaki," Fundi Odero akasema, "nani mwingine ataitaka? Utarudi kwa debe la misumari."

Nilimwambia baba. Siku hizo nilikuwa nimeshatahiriwa miaka mingi, kwa hiyo tulizungumza tulivyozungumza, yeye amesimama pale na mimi nimesimama huku, na katikati nafasi ya ng'ombe kupita. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Akachagua saipresi mmoja aliokuwa ameupanda mwenyewe mpakani, akaita wapasuaji, wakaupasua. Mbao zilipokuwa tayari akasema, "Tengeneza kile nyumba inachokosa." Basi. Akaenda kuchuma chai.

Sasa, alikuwa anamaanisha kabati la vyombo. Mama aliniambia baadaye, wakati haikusaidia tena. Mchungaji alikuwa akija kutembelea washiriki na vikombe vyetu vilikaa sakafuni kwenye beseni, na baba aliona aibu. Kila mtu nyumbani alijua isipokuwa mimi. Mimi nilijua jambo lingine.

Kabla ya kutahiriwa nililala katika nyumba ya wazazi, juu ya ngozi, upande huu wa ukuta wa ndani. Kitanda cha baba kilikuwa upande wa pili. Kilikuwa kitanda kikuukuu, kamba za katani zimelegea, mguu mmoja umevunjika na kuwekewa jiwe. Kilikuwa kinalia. Baadhi ya usiku kililia sana, na mimi mtoto nililala pale macho wazi nikimhurumia baba. Niliamini ni mgongo. Nilimwona mchana kutwa ameinama kwenye chai, nikajua usiku anajigeuza huku na huku kwa maumivu, na kitanda kile kibovu kinamtesa zaidi. Asubuhi angetoka ananyoosha kiuno, nami nikawa na hakika. Nikasema moyoni, siku moja nitamtengenezea kitanda kisicholia.

Nyinyi mnacheka. Sawa, chekeni. Mimi nilikuwa na miaka kama saba, na hilo wazo nililibeba hadi nikawa na kama kumi na mitano bila kulifungua tena kuangalia ndani kuna nini. Nilipotoka kutahiriwa nilifundishwa mlango wa wazazi nisioupita, nikafundishwa mahali pa kukaa na mahali pa kutupa macho. Hakuna aliyenifundisha habari za mbao.

Tatizo lilikuwa kipimo. Kule ndani singeweza kuingia. Lakini nilikumbuka kwamba kitanda kilijaza ukuta ule wote, ikabaki nafasi ndogo ya kuku kupita. Basi alasiri moja watu wakiwa shambani, nilichukua kamba nikaupima ukuta kwa nje, kona hadi kona, nikatoa unene wa udongo, nikatoa kuku. Nilikuwa nafunga fundo nikasikia mtu nyuma yangu.

"Mume wangu, nani amekufa?"

Alikuwa nyanya yangu, mama yake baba. Tulimwita magokoro. Kwetu nyanya na mjukuu hawana haya baina yao. Yeye aliniita mume tangu nikiwa mgongoni, na mimi nilimwita mke mbele ya wageni.

"Hajafa mtu, magokoro."

"Unaipima nyumba ya mwanangu kama anayechimba kaburi. Ni nini?"

"Ni siri ya kazi."

Akaitazama kamba, akautazama ukuta, kisha akanitazama mimi muda mrefu, meno yake mawili yakionekana. Nadhani alielewa palepale. Angeweza kusema. Mpaka leo sijui kwa nini hakusema. Alitema mate pembeni akasema, "Mwanamume wa kwangu ana kichwa cha jembe," akaenda zake na kuni zake.

Nilikitengeneza kwa wiki sita. Sikutumia msumari hata mmoja, mimi niliyejua misumari kuliko wote. Kila kiungo nilichonga ulimi na tundu, nikavifunga kwa vigingi vya mti mgumu, ili visije vikalegea. Chaga nilizipiga randa hadi zikang'aa. Chini ya ubao wa kichwani nilichoma alama yangu kwa msumari wa moto, mistari mitatu, kama kila mwanafunzi alivyotakiwa. Fundi Odero alidhani ni changu mwenyewe, cha kwenye kibanda changu cha ujana, mpaka alipoweka futi.

"Futi nne na nusu kwenda upana? Unalala na nani wewe?"

Banda zima likaangua kicheko. Makori akasema, "Analala na mbuzi wa Mchungaji." Hata mimi nilicheka. Sikuwaambia. Kisha Fundi Odero akakaa juu yake na uzito wake wote, akajitupa, akajitupa tena, akasikiliza. Kimya. Akasimama akakitikisa kwa kona. Kimya. Akaniangalia kama anayetaka kusema jambo, akaenda kumgombeza mtu mwingine. Hapo ndipo nilipojua nitakuwa kati ya watatu.

Siku ya maonyesho ilikuwa Jumapili, ili sisi Wasabato tusikosekane na Wakatoliki waje baada ya misa. Walipanga vitu kwenye uwanja: viti, stuli, meza, kabati mbili, na kitanda changu. Wazazi walikuja wamevaa nguo za kanisani. Baba alivaa koti lake la kijivu na kofia. Magokoro alikuja pia, kwa sababu alisikia kutakuwa na chai na mkate. Msimamizi wa kiwanda alikuwa mtu mnene mwenye penseli sikioni, alizunguka akigonga vitu kwa vidole.

Baba wa Makori alipokea meza. Akaipiga kwa kiganja, akasema, "Nimepokea," watu wakapiga makofi. Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine. Walipofika kwangu, msimamizi aliinama, akatazama viungo, akachomoa penseli sikioni. Niliiona ile penseli ikitoka.

"Hii ni kazi," akasema. "Hiki kitanda ni cha nani?"

Fundi Odero akamtazama baba. Baba alikuwa ameanza kufungua mdomo. Labda angesema ni cha kijana, cha kibanda chake, na mambo yangepita. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali. Lakini mimi niliwahi. Nilikuwa nimengoja miaka minane kulisema, na nikalisema kwa Kiswahili kizuri, kwa sauti ya mtu anayetaka kuajiriwa.

"Ni cha baba. Kitaingia sawasawa pale ukutani, kuku atapita. Na hiki hakitalia usiku kama kile kingine."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Walikuwepo wanaume arobaini na kitu, na wote waliangalia chini, kana kwamba mtu ameangusha sarafu. Wanawake waligeukia upande wa soko. Mama alikuwa ameinua shuka lake hadi kwenye macho. Fundi Odero alikuwa mtu mzima, naye kwao wana heshima zao. Niliona ameelewa, nikaona ameshtuka kuliko baba.

Baba alivua kofia, akaitazama ndani yake, akaivaa tena. Akasema kwa Kikisii, si kwa sauti kubwa, "Mimi sina kitanda hapa." Akaondoka. Alipita katikati ya vile viti na meza, akashika njia ya nyumbani, na mama akamfuata kwa mbali.

Mimi nilisimama. Watu hupenda kuuliza, ulihisi nini. Sikuhisi kitu. Niliona siafu wanapita chini ya mguu wa kitanda, nikawafuata kwa macho. Nilielewa jambo moja tu, kwamba baba ameiona kazi yangu na ameikataa. Ya heshima, kwamba mwana hataji kitanda cha baba yake, sikuyaelewa siku hiyo. Niliyaelewa baada ya mwaka, nikiwa juu ya paa, ghafla, nikashuka nikakaa chini ya ngazi. Lakini pale uwanjani nilifikiri ni viungo. Nilifikiri ameona kosa ambalo mimi na Fundi hatukuliona. Msimamizi alirudisha penseli sikioni.

Ndipo magokoro akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Nyinyi mna nini?" akasema. "Kwani hamjui mtoto huyu ni mume wangu?"

Akaja polepole na mkongojo wake, akageuka, akakalia kitanda. Akajirusha mara mbili, miguu haifiki chini.

"Baba, baba, anasema. Amechanganyikiwa na haya, hataki mjue ana mke mzee. Kitanda ni changu. Kuku ni wangu. Cha zamani ndicho kinacholia, ni mifupa yangu."

Mtu mmoja akaguna kicheko. Kisha mwingine. Kisha uwanja mzima ukacheka, kicheko kile cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Fundi Odero, aliyekwisha kutafsiriwa, alikuwa akipanguza uso kwa leso.

"Lakini, mama," akasema, "sheria ni mzazi apokee."

Mtu mmoja akamtafsiria magokoro. Naye akamtazama Fundi kutoka chini kwenda juu, maana alikuwa mrefu.

"Mwambie huyu mti wa ziwani, baba wa mtoto alizaliwa na nani? Alitoka kwenye mgomba? Andika. Nimepokea."

Wakaandika. Msimamizi alichukua Makori, akachukua kijana mwingine, kisha akasema, "Na yule mume wa bibi kizee, aje." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Kwenye ujenzi waliniita Bwana ya Bibi miaka miwili, na nilijenga paa lile, na kutoka paa lile nikajenga mengine, nikasomesha watoto wangu wote. Sina cheti. Nina milango.

Vijana wanne walikibeba kitanda hadi kwa magokoro. Baba hakusema kitu siku hiyo wala siku nyingine. Alikuwa Msabato, hakuchinja mbuzi wa kusafisha jambo. Alinisalimia kama kawaida, alikula nilicholeta, alipokea mabati niliyomnunulia. Lakini hakuniita kutengeneza chochote, hata mpini wa jembe. Mlango wake ulipooza aliita fundi kutoka Nyamarambe, mwendo wa kutwa nzima, mimi nikiwa hapo uani na randa mkononi. Nilizoea. Magokoro alilala kwenye kile kitanda hadi alipokufa, na sikuuliza kilienda wapi. Vitu vya marehemu hugawanywa, sikuwepo, nilikuwa kazini.

Mwezi uliopita basi. Tulifika na jeneza, wazee wakasema chumba kitolewe vitu kabla ya mwili kuingia. Kazi hiyo ni ya wajukuu. Sisi wana hatuna ruhusa kule. Nilikaa chini ya migomba na wanaume wengine. Wajukuu wakatoa sanduku la nguo, wakatoa viatu, wakatoa kitanda, wakakiegemeza kwenye mgomba, tumbo likiangalia nje. Mwanangu Momanyi akainama.

"Baba. Njoo uone. Hii mistari mitatu si yako?"

Nilikwenda. Saipresi ikikaa miaka mingi inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mkono niliujua kabla ya alama.

"Babu alikitoa wapi?" nikauliza.

"Aliniambia alikitoa kwa mama yake, alipokufa. Alisema ni kitanda cha mama yake." Momanyi alikuwa akilala chumbani kwa babu yake mwaka ule wote wa ugonjwa, kumgeuza na kumpa maji. "Alisema nisikwambie anakilalia."

Magokoro alikufa mimi nikiwa sijaoa. Nikahesabu miaka, nikaacha kuhesabu.

"Kilikuwa kinalia?"

"Kitanda? Hapana. Hata siku moja."

Mguu mmoja, ule wa nyuma, ulikuwa umepasuka kwenye kiungo. Mtu alikuwa ameufunga kwa misumari minne. Yote minne ilikuwa imepinda, vichwa vimelala upande, na ubao umejaa makovu ya nyundo iliyokosea. Hakuwa fundi wa Nyamarambe huyo. Alikuwa mtu asiyejua kushika nyundo, aliyejifungia akapiga mwenyewe, seremala akiwa uani kwake.

"Tukipeleke wapi?" Momanyi akauliza.

"Kichukue wewe. Kimetoka kwa babu yako, kwako hakina neno."

Kisha nikamwambia angoje. Kikishaingia kwake ni kitanda cha mwanangu, sitakiona tena wala sitauliza habari zake. Lakini pale chini ya migomba, kwa muda ule, hakikuwa cha mtu. Nikatuma mtoto aniletee koleo na patasi. Wazee waliita kwamba mwili unaingia ndani. Nikasema nakuja. Niliing'oa misumari moja moja, nikaitia mfukoni, nikachonga kigingi, nikakigonga mahali pake.